Uji Uliopoa

Niliinunua Hull, Jumamosi ya mvua ya mshazari,
kwa Denise Garbutt, duka lililo nyuma ya kinyozi,
ambako santuri kuukuu hunuka kama koti lililoloa.
Pauni mbili na nusu. Jalada ni karatasi ya kopi,
limekunjwa kwa mkono, gundi imevuja,
na mtu ameandika kwa kalamu ya bluu:
211 kati ya 300.

Kold Grød. Uji uliopoa, nilikuja kuambiwa baadaye.
Siku ile Denise alisema tu,
"Watu wa Denmark hao. Wana kelele nzuri."

Mimi nimelelewa na shangazi wa taarabu.
Kwake wimbo ni mgeni wa heshima:
fidla zibishe hodi, kanuni iitikie karibu,
viti vipangwe, udi ufukizwe,
ndipo mwimbaji, baada ya robo saa, akohoe aanze.

Huu uliingia bila hodi,
na viatu vyake,
na matope.

Dakika moja, sekunde arobaini na mbili.
Birika langu halikuwahi kuchemka.
Gitaa ni bati linaloburutwa juu ya saruji.
Besi ni jirani wa chini anayehamisha kabati usiku.
Ngoma ni mtu aliyefungiwa nje
na anajua kwamba umo ndani.
Juu yao msichana,
nusu ya maneno anatafuna, nusu anameza,
hakuna analolitema.

Nilifundishwa kwamba debe tupu haliachi kuvuma.
La hawa limejaa hadi ukingoni
na linavuma vilevile.

Upande wa pili, kwenye sekunde ya hamsini,
kijiti cha ngoma kinaanguka.
Unakisikia kikigota sakafu, kikibingirika,
na mpigaji anaendelea kwa mkono mmoja,
vipigo vinne, vitano,
mpaka anapata kingine.
Hawakurudia kurekodi.
Labda pesa ziliisha. Labda walisikia ninachosikia:
kabla ya pale wimbo ungeweza kuwa wa yeyote.

Kiitikio nilikielewa mara ya kwanza tu.
Misukule! Misukule!
Nikasema, huyu binti ananijua.
Anaijua zamu ya usiku, kiwanda cha nyumba za magurudumu,
wafu wanaolimishwa mashamba ya watu gizani
na kurudishwa alfajiri kwa basi la buluu.
Miezi minne niliutembeza kichwani,
bunduki ya misumari ikinishikia mapigo.

Kisha akaja Preben, dereva wa lori kutoka Esbjerg,
analeta mbao. Kwenye kantini
nilimpa sikio moja la spika yangu.
Alicheka hadi chai ikamtoka puani.
"Min cykel," akasema. "Baiskeli yangu.
Umeiba baiskeli yangu, irudishe,
najua unapokaa. Basi. Hakuna kingine."

Baiskeli.

Niliona haya hadi mwisho wa zamu.
Hasira yote ile, koo lile linalochanika,
kwa kitu chenye kengele na kikapu!
Halafu nikaikumbuka Machi,
pauni kumi na moja zilizokatwa mshahara wangu
kwa dakika saba za kuchelewa,
na jinsi nilivyosema asante
nikiipokea ile karatasi.

Sasa ninazo santuri zao tatu.
Ya tatu ina mkwaruzo, inaruka neno moja,
na sijamuuliza Preben ni lipi.
Jana asubuhi, bado na vumbi la mbao kwenye nywele,
niliweka ile ya kwanza, sauti hadi mwisho,
nikasimama jikoni na soksi zangu
nikapiga kelele pamoja naye, kwa Kiswahili:
Irudisheni! Irudisheni!

Jirani akagonga ukuta mara tatu.
Alichelewa mapigo kidogo.